Neno la Mjomba Juu ya Masomo ya Albina

Likunja, Ruangwa
9 Septemba 1956

Kwa dada yangu mpenzi Letisia,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote waliomo nyumbani mwako hapo Lindi. Mgongo wako umepona, au bado unakusumbua unapoinama? Shemeji Filbert hajambo, na kazi yake ya zahanati inakwendaje? Naye binti yetu Albina anakula vizuri, au bado anachagua chakula kama alivyokuwa marehemu mama yake? Huku sisi hatujambo. Mama yuko kwetu Nambambo. Kikohozi kimempungua, na shamba la mbali ameliacha, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ni lini umemwona mtu aliyepumzika akavuna. Ufuta mwaka huu ulikuwa wa wastani. Mikorosho imechanua vizuri, nasi tunaomba ukungu usije ukaharibu maua.

Barua yako ilinifikia Jumatano ya juma lililopita. Napenda ujue mapema kwamba ilifika ikiwa imekwisha funguliwa. Mtu aliifungua, akaibandika tena kwa uji wa muhogo, kwa haraka, hata alama ya kidole ikabaki. Nilipomuuliza karani wa posta kule Nachingwea aliapa kuwa hajui. Labda hajui kweli. Kwa hiyo barua hii siipeleki posta. Naituma kwa mkono wa Mama Mwamina, yule aliyekuwa akiuza uji kambini Nachingwea, anayekuja huko kumuuguza binti yake. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe na si mtu mwingine. Nakuomba uisome ukiwa peke yako. Ukiimaliza, utaamua mwenyewe nani asomewe.

Umeniambia kuwa Albina anamaliza darasa la nane mwaka huu, na mwalimu wake anashauri aendelee na masomo ya juu, asome sana Kiingereza, historia, na vitabu vya hadithi na mashairi, maana ndiko akili yake iliko. Umeniambia pia kuwa shemeji na ndugu zake hawaoni faida yake. Wanasema heri akasomee uuguzi au cherehani, kazi ambayo mtu anaionyesha kwa mikono, kuliko kukaririshwa habari za wafalme waliokufa. Na wewe umewajibu kwa desturi yetu, kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na dada yetu Magreti aliyemzaa alipofariki neno lilibaki kwa mjomba. Kisha ukaniandikia maneno ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko barua nzima. Umesema: "Wewe Linus ulisoma Kiingereza na historia mpaka darasa la kumi. Vimekupa nini? Na kwa nini uliacha kazi ya boma ukaenda kujificha Likunja? Hapa watu wanasema mengi."

Ninajua wanayosema. Wanasema niliiba. Wengine wanasema nilipokea kitu kwenye kesi, nikakimbia kabla ya kukamatwa. Nawe dada, uliuliza kwa upole, lakini niliiona shaka yako chini ya maneno. Hukukosea kunishuku. Umekosea tu jambo lenyewe. Nami siwezi kutoa neno la mjomba kabla hujajua neno hilo linatoka kinywani mwa mtu gani. Basi nivumilie, nianze mbali kidogo.

Unakumbuka nilipotoka shule mwishoni mwa mwaka 1948, baba mkubwa alinicheka. Alisema vijana wenzangu wanajifunza kuendesha mashine za karanga, mimi najua tu kusema "habari za asubuhi" kwa namna ya kigeni. Mwalimu wangu Eustakio alikuwa ametufundisha kitu kingine. Tukisoma historia, alituzuia kukariri mpaka kwanza tumwambie aliyeandika habari ile alikuwa amesimama upande gani. Tukisoma Kiingereza, alituambia hiyo ni lugha ambayo mtu anaweza kukukatalia huku anatabasamu, kwa hiyo tusisome maneno tu, tumsome na msemaji.

Nilipokwenda kuomba kazi Nachingwea, kwenye ile kampuni ya Bwana Halwadi iliyopewa sehemu ya kung'oa miti na visiki kwenye mashamba ya karanga, nilimkuta bwana mwenyewe mezani. Mzungu mrefu, mwenye sauti ya chini, hapandishi hasira. Alinipa barua ya Kiingereza niisome, kisha akaniuliza mwandishi anasema nini. Nikamwambia mwandishi anashukuru, lakini amekasirika sana. Bwana Halwadi akaichukua barua mkononi mwangu. Akasema watu watatu wameisoma barua ile kabla yangu, na wote wamemwambia mwandishi anashukuru. Siku hiyohiyo nikaandikwa kazi, karani na mkalimani. Nikapewa chumba chenye sakafu ya saruji, baiskeli, na meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo. Kwa hiyo baba mkubwa alikosea, na ndugu za shemeji wanakosea. Masomo yale yalinipa kazi, na si kwa bahati. Yalinipa kwa kuwa nilijua kusoma lisiloandikwa.

Lakini jambo hilohilo lilinitenga na watu. Wazungu walidhani vibarua wana njama, na vibarua walidhani mimi nameza nusu ya maneno yao njiani. Nikikaribia jikoni kambini, mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kusifu mboga. Mama Mwamina aliwahi kuniita pembeni akanong'ona, "Mwanangu, wanasema una midomo miwili. Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Angalia usije ukakosa wa kulia ugali." Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, dada, na nilikuwa na funguo mfukoni.

Mtu mmoja tu hakunishuku, naye ni Kipriani.

Sijakuandikia jina hilo kwa miaka sita. Najua kuliona hapa kutakushtua. Unamkumbuka alivyokuwa akija nyumbani Jumapili baada ya misa, amenawa mikono kwa sabuni na mchanga lakini oili ya katapila aliyokuwa akiiendesha bado imo ndani ya kucha. Mama alimpenda kwa kuwa hakuwa na maneno mengi, ingawa alimsema kidogo kwa ajili ya ndugu zake waliotoka Msumbiji na Kimakonde chao kizito. Posa yake kwako ilikuwa imepokelewa. Alikuwa amekuchongea lile sanduku la mninga lenye maua kwenye kifuniko. Mimi alikuwa akinihoji kila anaponiona: neno hili kwenye kitabu cha mashine lina maana gani, na hili je? Alitaka kukisoma kitabu kile mwenyewe. Nilimfundisha maneno machache, kisha nikawa namwambia nimechoka. Leo nataka niseme ukweli. Sikuwa nimechoka. Sikupenda tu awepo mwingine ajuaye.

Mwezi wa Julai mwaka 1950 ndipo alipokufa Seleman wa Namungo. Unajua ile kazi ilivyokuwa: katapila mbili zinakwenda sambamba, katikati yake mnyororo mkubwa unaburuta na kuangusha miti. Kipriani alikuwa amekwisha kumwambia nyapara mara mbili kuwa pingili moja ya mnyororo imepasuka. Nyapara alimwambia aendeshe. Siku ya Alhamisi asubuhi mnyororo ukakatika, ukaruka nyuma, ukampiga Seleman aliyekuwa akifuata kwa shoka. Hakuamka. Tulimzika siku ileile, nawe ulikuwepo, ulimshika mkewe pale kaburini.

Bwana Halwadi aliandika taarifa ya kifo kile kwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyeipiga taipu. Taarifa ilisema marehemu alisimama mahali alipokatazwa kusimama. Vibarua waliponiuliza karatasi ile imesema nini, niliwajibu imesema ni ajali. Kipriani hakuridhika. Alikuja nyumbani akaniuliza mbele yako, nawe ulikuwa unapepeta mchele, kama neno mnyororo limo ndani ya karatasi ile. Nilimwambia halimo. Lilikuwa jibu la kweli. Mwezi ule sikutoa majibu mengi ya namna hiyo.

Yaliyofuata nitakusimulia kwanza kama unavyoyajua wewe na kama yalivyojulikana Nambambo yote. Vibarua walikubaliana kwamba Jumatatu hakuna atakayepanda mashine mpaka minyororo ikaguliwe na taarifa ya Seleman iandikwe upya. Kabla Jumatatu haijapambazuka vizuri, wanne kati ya viongozi wao waliitwa, wakafukuzwa kazi, wakapakiwa kwenye lori na kupelekwa mbali. Waliobaki walipopanga mstari, Bwana Halwadi alisimama mbele yao, akamwita Kipriani, akampa mkono, akasema maneno machache ya Kiingereza. Nami nikayatafsiri kwa sauti ili watu wote wasikie: "Asante Kipriani, umetusaidia sana. Kuanzia leo wewe ni nyapara mkuu."

Watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Kipriani alisimama pale mdomo wazi, akasema, "Nimesaidia nini?" Lakini mstari ulikuwa umekwisha kuanza kuguna, na hakuna aliyemsikia isipokuwa waliokuwa karibu, nami nikiwa mmoja wao. Aliukataa unyapara siku ileile, haikusaidia kitu. Walisema anajifanya. Ufuta wake uliokuwa umefungwa shambani ukachomwa moto. Visimani watu waliondoka anapofika. Mke wa Seleman, ambaye Kipriani alikuwa akimlimia, alimwambia asikanyage kwake tena.

Nawe ulinijia kazini. Ulitembea kutoka Nambambo kwa miguu, ukasimama mlangoni mwa ofisi, hukukubali hata kukaa. Uliniuliza, "Linus, wewe uko humu ndani, unasikia yote. Niambie kwa kinywa chako. Ni kweli Kipriani amewauza wenzake?" Nami nikakujibu kwamba mambo ya ofisi hayasemwi nje. Ulinitazama usoni. Ulichukua jibu lile kuwa ni ndiyo, kwa sababu ndivyo nilivyotaka ulichukue. Kesho yake baba mkubwa alirudisha posa, na sanduku la mninga likarudishwa juu ya baiskeli yangu. Kipriani akaondoka Nachingwea kabla ya mvua za kwanza, wala hakuaga. Baada ya mwaka na nusu ukaolewa na shemeji Filbert, ambaye ni mtu mwema, na hili ninaloandika halimpunguzii chochote.

Kampuni ilifungwa, mashine zikasafirishwa, msitu uliong'olewa ukaanza kurudi. Mimi niliingia boma, mkalimani wa barazani. Mama alijivuna sana. Kwa miaka mitatu nilikaa kati ya hakimu na watu wetu, Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, na kila hakimu aliponigeukia kuniuliza mtu huyu anasema nini, nililipima neno mara mbili kabla ya kulisema. Nilianza kujishuku. Nikirudi chumbani najiuliza, lile neno nimelipunguza? Lile nimeliongeza? Mwaka 1954 aliletwa mama mmoja aitwaye Mwanaima, kesi ya mpaka wa shamba, jambo dogo tu. Alipopewa nafasi ya kusema hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi, akasema kwa Kimwera, "Mpe maneno yangu. Yako baki nayo." Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliyatafsiri maneno yake yote, moja moja, hata hayo, na mwisho wa mwezi nikaomba kuacha kazi. Nilisema naumwa macho. Sikuiba, dada. Sikupokea kitu cha mtu. Niliogopa tu kukaa pale. Nikaja huku Likunja kufundisha watoto kusoma, kwa kuwa nilidhani mbele ya watoto hakuna cha kutafsiri.

Sasa nije kwenye lililonikuta mwezi uliopita.

Shule ilikuwa inahitaji madawati, nikatumwa Ruangwa kwa fundi seremala ambaye watu wanamsifu. Nilifika saa nne asubuhi. Fundi alikuwa ameinama anapiga randa ubao, mgongo kwangu. Nilitoa salamu, akaitikia bila kugeuka, nikaijua sauti. Nilitaka kuondoka. Naapa miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Lakini akasema, akiwa bado anapiga randa, "Kaa hapo, Linus. Nilisikia kuna mwalimu mpya Likunja, nikajua ipo siku shule itahitaji mbao."

Ni Kipriani, dada. Ana mke na watoto watatu, nywele zimeanza mvi mapema. Hakunipa mkono. Aliniuliza idadi ya madawati, urefu, aina ya mti, akaandika vyote kwenye kipande cha ubao kwa kalamu ya risasi. Kisha akaniuliza habari za mama, akauliza kama wewe ni mzima. Nikamwambia ni mzima. Akarudi kwenye randa yake. Nikaona afadhali niseme mimi kabla hajasema yeye, nikaanza kwa maneno ya kuzunguka, kwamba mambo ya zamani, kwamba tulikuwa vijana, kwamba mzungu yule alikuwa mjanja.

Akaniinulia mkono nikome. Akasema, "Usinitafsirie. Nilijua tangu siku ile."

Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia kuwa alipokwenda ofisini kuukataa unyapara, Bwana Halwadi alikuwa peke yake, mimi sikuwepo. Mzungu alicheka, akasema maneno mengi ya Kiingereza, na katikati ya maneno yale mara mbili lilitajwa jina langu, huku akiuonyesha kwa kidole ule mlango wa veranda ya nyumba yake. "Mengine sikuyaelewa," Kipriani akasema, "lakini jina la mtu halina Kiingereza."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, hakuniumbua mbele ya watu, hakukuambia wewe. Nilidhani atanijibu kwamba alituhurumia, alimhurumia mama. Hapana. Alisema, "Ningesema, nani angeniamini? Wewe ulikuwa na kalamu, mimi nilikuwa na oili mikononi. Na Letisia angechagua kati ya neno la mposaji na neno la ndugu yake wa tumbo moja. Nilijua angechagua lipi. Sikutaka kukaa pale nione anachagua."

Dada Letisia, ni mimi.

Jumamosi ile kabla ya Jumatatu, Bwana Halwadi aliniita nyumbani kwake mchana. Nilikuwa sijawahi kupanda ngazi za veranda ile isipokuwa kupeleka karatasi. Safari hii alinivutia kiti. Akaagiza chai, ikaletwa vikombe viwili. Akaniuliza ninasoma kitabu gani, nikamweleza, akanibishia kidogo kwa heshima kama mtu anavyombishia mwenzake. Akasema kijana kama mimi hafai kuozea msituni, na kwamba yuko tayari kuniandikia barua nzuri, nipate kusonga mbele. Kisha, huku anakoroga chai, akaniuliza nani kati ya vibarua ana akili ya kulielewa vizuri jambo hili la mnyororo. Alisema angependa kumsikiliza mtu wa namna hiyo.

Ningependa kukuambia sikujua anauliza nini. Wengine wangeweza kusema hivyo na wakaaminika. Mimi nilikuwa nimefundishwa kumsoma msemaji. Nilijua barabara. Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri, kizuri kuliko nilichowahi kusema maishani, kwamba mtu huyo ni Kipriani, kwamba mpango ni wa Jumatatu, na kwamba wanaomfuata ni wanne, nikataja majina yao. Nilijuaje? Kipriani mwenyewe alinieleza Ijumaa, pale nyumbani Nambambo, ulipokwenda kisimani. Alinieleza kwa sababu nilikuwa shemeji yake mtarajiwa, na alitaka niwasaidie kuiandika barua yao.

Bwana Halwadi hakumfukuza kama nilivyodhani. Alimuonyesha mbele ya watu kuwa ndiye aliyewauza wenzake, na sentensi ile alinipa mimi niiseme. Nilipofungua kinywa pale mstarini nilikwisha kuelewa anachofanya. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kuigeuza, nani angejua? Mimi pekee nilijua lugha zote mbili. Nikaitafsiri bila kuacha hata neno. Barua nzuri aliiandika kweli, alitimiza ahadi yake, na barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya boma. Wewe umeuliza masomo yamenipa nini. Yamenipa hayo.

Sikuombi msamaha katika barua hii, maana nikiomba utaona haya kuninyima, nawe umekwisha kudanganywa nami vya kutosha. Nataka tu ujue kwamba sanduku lile lilirudishwa kwa mtu asiye na kosa. Na mke wa Seleman nimekwisha kumwendea Namungo, Jumamosi iliyopita, nikamsomea kwa Kiswahili taarifa yote kama nilivyoipiga, nikamwambia ni nani aliyesema kweli juu ya mnyororo. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anabangua korosho. Akaniuliza, "Na leo umetumwa na nani?" Nikaaga, nikaondoka.

Sasa juu ya Albina. Nimefikiri sana kama mtu kama mimi anaweza kukushauri umpeleke mtoto kwenye masomo yaleyale. Mwanzo nilitaka kukuandikia hapana, asomee uuguzi, mikono haidanganyi. Lakini huo nao ungekuwa ni uongo mwingine. Mikono ya Kipriani ilikuwa safi na haikumwokoa. Nimejiuliza mara nyingi nilipata wapi nguvu ya kufanya nilichofanya, na jibu ni hili: nilikuwa peke yangu. Kambini nzima, upande wetu, ni mimi tu niliyeweza kuisoma karatasi ile. Kama Kipriani angekisoma kitabu chake cha mashine, kama mke wa Seleman angeiona taarifa ya mumewe akaielewa, kama wewe, dada, uliyeachishwa darasa la nne ili mimi niendelee, ungeingia ofisini siku ile ukaangalia mezani kwangu, nisingeweza. Ubaya wangu uliishi kwenye ujinga wa wengine, nami niliulinda ujinga huo kwa kumwambia Kipriani nimechoka kumfundisha.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba asome. Asome Kiingereza, na historia, na hadithi na mashairi, asome mpaka mwisho wa njia. Ndugu za shemeji wakitaka kujua kazi iko wapi, waambie kazi zipo, mimi nilizipata, na miaka hii inayokuja zitakuwa nyingi zaidi kuliko watu. Lakini kila likizo akirudi, akufundishe wewe alichosoma. Msimwache awe peke yake ndani ya nyumba anayejua. Mtu wa namna hiyo, hata awe mtoto mwema, si vizuri kumwamini hivihivi.

Hayo ni maoni. Neno lenyewe la mjomba silitoi. Nalirudisha mkononi mwako, wewe uliyemlea. Ukiona mjomba wa namna hii asisikilizwe, sitanung'unika. Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe Jumapili ijayo, kabla hajasikia kwa mwingine.

Nisalimie shemeji Filbert, nisalimie Albina na mwambie nimeona mwandiko wake nyuma ya barua yako, ni mzuri ila akaze herufi kubwa. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, hata wanaoniulizia kwa ubaya. Mama Mwamina atakaa huko wiki mbili, na kama una jibu anaweza kulibeba.

Nilimwambia Kipriani kuwa nitakuandikia. Alisema haamini, na kwamba hata nikiandika nitaandika kwa namna ya kujipendeza. Nilimpelekea barua hii aisome kabla sijaifunga. Aliisoma polepole mpaka mwisho, akanirudishia, akasema maneno ni ya kweli, ila bado hajui kama nitaituma. Simlaumu. Basi ukijaliwa kuandika, naye shemeji akiwa anajua, usianze na mimi. Mwandikie yeye kwanza, fundi Kipriani, Ruangwa, hata mstari mmoja kwamba imefika. Mimi nitangoja zamu yangu, na isipofika nitaelewa.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Linus